Fizikia Inayoachwa Kidato cha Tatu na Kazi Zinazowapita Wasichana wa Tanga

Kila ifikapo tarehe 11 Februari, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2015 kuwa ya wanawake na wasichana katika sayansi, wanafunzi wa kike huambiwa waipende sayansi, wasiogope hesabu, wathubutu. Maneno hayo si mabaya, ila yana kasoro moja kubwa: yanamtaka msichana abadilike, ilhali mengi ya mambo yanayomtoa kwenye sayansi hayamo ndani yake. Yamo katika ratiba ya shule, katika hesabu za mwalimu mkuu, katika saa za jioni nyumbani, katika masharti ya kujiunga na vyuo na katika namna kazi zinavyopangwa. Makala hii inajaribu kuyafumua mambo hayo, kwa kutazama zaidi Tanga, mji wenye kazi za kisayansi nyingi kuliko wakazi wake wenyewe wanavyodhani.

Kwanza tuliondoe suala la uwezo, kwa sababu lisipoondolewa mapema huharibu mjadala mzima. Nchini Marekani, walioandika programu za kwanza za kompyuta ya ENIAC, iliyotangazwa hadharani mwaka 1946, walikuwa wanawake sita, na kwa miaka kadhaa baadaye kazi ya kuandika programu haikuonekana kuwa ya kiume. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa kiasi cha asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini humo. Miaka ishirini na kitu baadaye walikuwa wameshuka chini ya asilimia 20. Akili za wanawake hazikubadilika katika muda huo. Kilichobadilika, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni kwamba kompyuta za nyumbani zilianza kuuzwa kama vitu vya kuchezea vya watoto wa kiume, vijana wakaingia vyuoni wakiwa wamekwisha kuzizoea, na wahadhiri wakafundisha kana kwamba kila mtu alikuwa nayo kwao.

Kwetu mwambao husikika pia hoja ya dini na mila, na hoja hiyo hujibiwa vizuri zaidi na Waislamu wenzetu wa kaskazini mwa Afrika. Kwa takwimu ambazo UNESCO ilizichapisha mwaka 2021, wanawake ni karibu nusu ya wahitimu wa uhandisi nchini Algeria na zaidi ya asilimia 40 nchini Tunisia, wakati Marekani ni kama mmoja katika kila watano na Japani ni wachache zaidi ya hapo. Mwanamke wa kwanza kupata nishani ya Fields, ambayo ni tuzo kubwa kabisa ya hisabati, alikuwa Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, mwaka 2014. Na hapa hapa Tanga, binti aliyesomeshwa mirathi madrasa, akajua nani hupata thumni (moja ya nane) na nani sudusi (moja ya sita), na hisa zikizidi afanyeje, amekwisha kufanya hesabu za sehemu ambazo mwalimu wa hisabati anahangaika kuzifundisha kidato cha kwanza. Haambiwi kwamba hiyo ni hisabati, na hilo ni jambo la kusikitisha kidogo.

Sasa tufike penye kiini. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania Bara, fizikia na kemia husomwa na wote katika kidato cha kwanza na cha pili, kisha kuanzia kidato cha tatu huwa masomo ya hiari, huku hisabati na baiolojia zikiendelea kuwa za lazima. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita anaamua, au anaamuliwa, kama ataendelea kuchukua sayansi au atabaki na masomo ya sanaa na biashara. Uamuzi huu hauna sherehe wala hauchukui muda mrefu. Pengine ni karatasi inayopitishwa darasani, pengine ni mwalimu anayesoma majina. Lakini hapo ndipo njia nyingi hukatika, na msichana mwenyewe huja kujua miaka miwili au mitatu baadaye.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni uuguzi. Ni kazi ambayo familia nyingi za Tanga humtakia binti yao bila wasiwasi wowote, na hakuna mjomba wala shangazi atakayesema haimfai. Msichana akiulizwa kwa nini anaacha fizikia, hujibu kwa uhakika kwamba yeye anataka kuwa nesi, hatengenezi mitambo. Mama naye humuunga mkono: “Mwanangu, fizikia ya nini? Shika baiolojia yako.” Wote wawili wanakosea bila kujua, kwa sababu stashahada ya uuguzi na ukunga, na ile ya utabibu, huhitaji ufaulu katika kemia, baiolojia na fizikia pia. Ufaulu wenyewe hautakiwi uwe wa ajabu. Daraja la D katika mtihani wa kidato cha nne huanzia alama 30, na D hiyo ya fizikia ndiyo inayotenganisha msichana atakayevaa sare nyeupe Hospitali ya Bombo na yule atakayekuja pale kusukuma kitanda cha mgonjwa wake. Aliyeacha somo kidato cha tatu hana hata hiyo D ya kuonyesha. Anaweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini atahitaji mwalimu na maabara, na hivyo ndivyo vilivyokuwa haba tangu mwanzo.

Kwa nini basi shule zisimzuie? Jibu linaudhi kidogo. Shule hupimwa kwa matokeo, na wastani wa fizikia hupanda pale wanafunzi wanaosuasua wanapoliacha somo. Msichana aliyepata alama 34 kidato cha pili, ambaye kwa msaada kidogo angefika 45 na pengine zaidi, kwa shule ni mzigo katika wastani, na akijiondoa mwenyewe hakuna anayemfuata kumrudisha. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Wavulana wenye alama hizo hizo nao huathirika, lakini mvulana wa alama 34 mara nyingi hung’ang’ania kwa sababu kaka zake na wenzake wanamtarajia ang’ang’anie. Msichana wa alama 34 huipokea alama hiyo kama taarifa juu ya yeye ni mtu wa namna gani. Tofauti hii ya kujiamini, si ya alama, ndiyo inayojitokeza tena na tena katika tafiti za elimu za nchi nyingi.

Upungufu wa walimu wa fizikia na hisabati huongeza tatizo, hasa katika shule za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ambazo majengo yake yalitangulia na walimu wakafuata polepole. Kuna pia ule mruko wa lugha, kutoka masomo ya Kiswahili darasa la saba hadi Kiingereza kidato cha kwanza, ambao humfanya mtoto aliyekuwa akielewa vizuri jinsi ya kukokotoa mwendo aonekane hajui kwa sababu tu swali hakulisoma. Hayo huwakuta wote. Yanayowakuta wasichana zaidi yanaanzia maabara.

Simama mlangoni mwa maabara ya shule yoyote ya kawaida wakati wa somo la vitendo la kemia. Meza moja ina bureti moja, ule mrija mrefu wa kupimia kimiminika, na wanafunzi wanane. Mvulana mmoja ameshika koki, anafungulia asidi tone kwa tone. Mwingine anatikisa chupa ya besi iliyotiwa matone ya kiashiria, akisubiri umanjano ugeuke rangi ya chungwa. Wa tatu ameinamisha kichwa usawa wa mstari anasoma kipimo. Msichana yupo, tena mara nyingi yupo karibu kabisa, ameshika daftari na kalamu, kwa sababu ana mwandiko mzuri. Anaandika 24.3, anaandika 24.5, anatafuta wastani. Hesabu zake ni sahihi kuliko za wote pale mezani, lakini siku ya mtihani wa vitendo, atakapopewa bureti yake peke yake, mkono hautajua koki inafungwa vipi kabla rangi haijapita kiasi. Hakuna aliyemkataza kuishika. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini na vifaa vya meza saba hana muda wa kuona nani ameshika nini, ingawa tiba yake ni rahisi na haigharimu kitu: kubadilishana majukumu kwa zamu, kila baada ya jaribio moja.

Baada ya shule kuna saa za jioni. Anayechukua sayansi anahitaji kufanya maswali mengi ya mazoezi, kwa kuwa fizikia haikaririwi, na mazoezi hutaka muda usiokatwakatwa. Katika nyumba nyingi za Makorora, Mabawa au Msambweni muda huo ndio wa kuchota maji, kuosha vyombo, kuroweka mchele wa vitumbua vitakavyochomwa alfajiri, na mwezi wa Ramadhani kuanzia alasiri ni futari. Tuisheni nayo hufanyika usiku. Mvulana akirudi saa mbili haulizwi. Msichana akirudi saa hiyo anaulizwa na baba, na majirani, na mara nyingine wanaouliza wana sababu, kwa maana njia zenye giza zina hatari zake. Siwalaumu wazazi wanaomzuia binti asitoke usiku. Nawalaumu wanaomzuia asitoke kisha wakampa sufuria badala ya meza.

Kuhusu ndoa za utotoni na mimba, sheria angalau imesogea. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Anayerudi, hata hivyo, hukuta sayansi ndiyo ngumu zaidi kuifukuzia, kwa sababu historia unaweza kuisoma nyumbani mtoto akiwa amelala, lakini jaribio la maabara lililopita limepita.

Tuache shule, tutazame kazi zenyewe. Neno “sayansi” likitajwa, akili za watu wengi huruka moja kwa moja kwa daktari bingwa, rubani au mtu wa roketi, na binti wa kawaida akijipima na picha hizo huona si zake. Hali halisi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za sayansi hufanywa na watu wenye cheti au stashahada, na Tanga imejaa kazi za namna hiyo. Maji ya mjini hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yakasafishwa Mowe, na kila siku lazima mtu ayapime tope, klorini na vijidudu. Muheza kuna kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu cha Amani, ambacho jina lake linatoka milimani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea mwaka 1902. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano wanapima udongo na mkonge. Korogwe, sawa na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyoifanyia majaribio chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Majaribio hayo yasingewezekana bila wauguzi, wasomaji wa hadubini na waingizaji takwimu. Pongwe wanachoma saruji, na kiwanda cha saruji bila maabara hakijui kinauza nini. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo hulazimu kupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta yale huganda.

Au chukua maziwa. Katika kituo cha kukusanyia maziwa asubuhi, mpokeaji huchota kidogo kutoka kwenye keni ya mfugaji, akachanganya na spiriti kwa kiasi sawa ndani ya kikombe kidogo, akakizungusha. Yakishikana vidonge, maziwa hayo yameanza kuchacha na yanakataliwa, hata kama mfugaji ataapa kuwa ameyakamua alfajiri. Kisha huchovya laktomita, chombo kinachoelea, ili kujua kama kuna aliyeongeza maji. Hii ni kemia na fizikia, na anayeifanya ana mamlaka: neno lake ndilo linaloamua kama keni nzima itapokelewa. Mafunzo ya mifugo yapo hapa hapa Buhuri, na anayetaka ya uvuvi atayakuta Mbegani, Bagamoyo. Msichana mwenye D zake za sayansi ana pa kwenda, ili mradi amezipata.

Bahari ya Tanga pia ina hadithi ambayo ningependa isimuliwe mashuleni zaidi ya inavyosimuliwa. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 2009 inamlinda silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka duniani pamoja na dinosaria, na ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa katika nyavu za kina kirefu tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Jina lake la kisayansi ni Latimeria, kutokana na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ndogo ya East London, Afrika Kusini. Desemba 1938 aliitwa bandarini kutazama samaki waliovuliwa, akaona pezi la buluu likichomoza chini ya lundo, akambeba samaki yule kwa teksi, akamchora na kumwandikia mtaalamu aliyemtambua. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kazi iliyomruhusu kuangalia, na bosi wa meli aliyezoea kumpigia simu. Mambo hayo mawili, ajira na mtu wa kukujulisha, hupewa uzito mdogo mno tunapozungumza juu ya vipaji.

Upande wa pili wa bahari hiyo hiyo kuna somo chungu zaidi, la mwani. Kilimo cha mwani kilipoenea mwambao kutoka Zanzibar, ambako kilianza kibiashara mwaka 1989, kilishikwa zaidi na wanawake, kwa sababu kilifanyika maji yakikupwa, kwa kamba na vigingi, mahali unapoweza kusimama. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, mwani wa kotonii, wenye bei nzuri kuliko aina nyingine iitwayo spinosamu, ulianza kuugua na kufa. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar, alifanyia kazi njia ya kuupanda katika nyavu ndefu zilizoshonwa mithili ya mirija, zinazoning’inizwa kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi zaidi. Kisayansi njia inafaa. Lakini kina kirefu kinataka chombo cha baharini na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji vya pwani hawakufundishwa kuogelea ingawa wamezaliwa hatua mia kutoka maji. Teknolojia mpya ikiletwa bila mafunzo ya kuogelea na bila mashua ya kikundi, kazi iliyokuwa ya wanawake inahamia kwa wenye mashua, tena wakati ule ule inapoanza kulipa. Anayebuni mradi wa kuwaingiza wanawake katika teknolojia angefaa aulize swali hilo kabla ya kununua kifaa cha kwanza.

Aliyevuka yote hayo akapata chuo hukutana na mafunzo kwa vitendo, ambako baadhi huombwa kile kinachoitwa rushwa ya ngono ili wasainiwe vitabu vyao. Hilo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini wanafunzi wengi hawalijui hivyo, wanalijua kama bahati mbaya. Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sheria hiyo inafanya kazi vizuri kwa anayekaa ofisini karibu na kwake. Kwa fundi wa mitambo wa zamu ya usiku nje ya mji, saa mbili za kunyonyesha hazina maana kama mtoto yuko Duga, mjini, na hakuna usafiri wala chumba cha watoto, na hapo ndipo wahitimu wengi wa kike huhamia kazi za karatasi katika kampuni ile ile.

Juhudi zipo, na ni haki kuzitaja. Mikoani zimejengwa shule za bweni za wasichana zenye mwelekeo wa sayansi chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari. Samia Scholarship hulipia masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati kwa waliofaulu vizuri kabisa kidato cha sita. Tanga mjini ipo STEM Park, bustani ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa na shirika la Projekt Inspire, ambako mtoto hushika kwa mikono yake vitu ambavyo darasani huviona ubaoni. Nazikubali zote, lakini mbili za mwanzo zina tabia ya kuwafuata waliokwisha kung’aa. Msichana wa alama 34 hachaguliwi na yeyote. Wa namna yake ni wengi sana, na ndio watakaojaza au kuacha wazi nafasi za wauguzi, mafundi sanifu na wapimaji wa maabara katika mkoa huu.

Mtaala mpya ulioanza 2024, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, unaleta chaguo lingine mapema zaidi, na hatari yake ni ile ile: wasichana kusukumwa kwenye ushonaji na mapishi, wavulana kwenye umeme na magari, kabla ya yeyote kueleza kila mkondo unafungua chuo gani. Kwa hiyo linalohitajika kwanza ni dogo na la kiofisi. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka na matokeo yake hutoka Januari, wakati madarasa ya kidato cha tatu yanapangwa. Mkutano wa wazazi ukiitwa Agosti, masharti ya vyuo vya afya, VETA na vyuo vya ufundi yakasomwa kwa Kiswahili mbele ya baba, mama na binti mwenyewe, familia inabaki na miezi mitatu ya kutafuta tuisheni ya mchana na kupunguza kazi za jioni. Ukiitwa Januari, wanachofanya ni kusaini.